Kujifunza Maneno ya Kithai kwa Kamusi za Mtandaoni: Hatua kwa Hatua

"Nitumie kamusi gani?" "Mbona neno nimelisoma vizuri lakini nikilisema hawanielewi?" "Ni lazima nijue zile herufi zao?" Maswali haya matatu yananijia kila mara. Mengi yanatoka kwa wafanyabiashara wa nguo wanaojiandaa na safari ya kwanza ya Bangkok, machache kwa watu wa madini wanaoelekea Chanthaburi kwenye soko la vito. Nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa utaratibu ninaoutumia mwenyewe mpaka leo.

Nianze na la tatu, maana ndilo linalowatisha wengi. Unaweza kuanza leo bila kujua kusoma Kithai. Ila kila neno unalojifunza ulihifadhi kwa herufi zake za Kithai, hata kama kwa sasa unaziona kama michoro tu. Neno lililoandikwa kwa herufi zetu peke yake limeshapoteza nusu ya sauti yake.

Hilo nililijua kwa miguu yangu. Daftari langu la kwanza lilikuwa na mstari huu: "glai = karibu". Basi. Nikiwa Pratunam, soko la nguo la Bangkok, nikauliza duka la vifungo na zipu liko wapi, mama muuza matunda akaninyooshea mkono na kuniambia "glai". Nikasema moyoni, karibu, nitembee. Nilitembea karibu saa nzima na begi begani, jua la saa sita. Neno la karibu ni ใกล้, klâi, sauti inaanzia juu na kushuka. Alichosema yeye ni ไกล, klai, sauti tambarare, maana yake mbali. Kwa herufi zetu yanafanana kabisa. Kwa herufi zao tofauti inaonekana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu au kompyuta yenye intaneti. Bando dogo linatosha, kamusi hizi ni maandishi na sauti fupi.
- Hedifoni, hata za bei nafuu. Spika ya simu inameza miisho ya maneno, na kwenye Kithai mwisho wa neno una kazi kubwa.
- Programu ya kurekodi sauti, ile iliyokuja na simu.
- Daftari la karatasi na kalamu.
- Kipande cha karatasi nyepesi kama ya risiti. Kazi yake utaiona hatua ya 3.
- Kiingereza cha kusoma, kidogo tu, kwa sababu kamusi nzuri karibu zote zinapitia huko.
- Dakika 20 kwa siku na maneno matano. Mwenye kubeba maneno hamsini kwa siku moja huyaangusha yote wiki ileile.

Nadharia ya kukutosha kwa sasa

Kithai kina toni tano, yaani miendo ya sauti kupanda, kushuka au kutulia, na toni ni sehemu ya neno kama ilivyo herufi. Kina vokali tisa, kila moja ina fupi na ndefu. Maneno yanaandikwa yakiwa yameshikana, bila nafasi kati ya neno na neno. Mengine utayaokota njiani.

Katika mwongozo huu naandika matamshi hivi: vokali ndefu naiandika mara mbili (aa), na toni naiweka juu ya vokali. Bila alama ni toni ya kati, à ni ya chini, â ni ya kushuka, á ni ya juu, ǎ ni ya kupanda. Kushuka ni kama unavyomkemea mtoto "We!" Kupanda ni kama unavyoitikia kwa mshangao "Eeh?"

Hatua ya 1: Weka kibodi ya Kithai

Ingia kwenye mipangilio ya lugha na kibodi, ongeza Kithai. Konsonanti ziko 44, kwa hiyo usijaribu kuzijua kibodi nzima siku moja. Kwa wiki za mwanzo unaweza kunakili neno na kulibandika, au kulichora kwa kidole kwenye Google Translate, ambayo inakubali mwandiko. Mimi nilianza kwa kuchora mabango ya dukani, na mkono ulizoea herufi kabla ya macho.

Hatua ya 2: Chagua kamusi mbili, si saba

Hizi ndizo ninazozijua na kila moja ina kazi yake.

Wiktionary ya Kiingereza. Tafuta neno la Kithai, utapata jedwali la matamshi lenye mistari kadhaa ya kuandika sauti ileile. Pia inakupa kihesabio cha nomino, yaani neno la kuhesabia kitu, jambo nitakalolirudia hatua ya 7.

thai-language.com. Ina sauti nyingi zilizorekodiwa na mifano ya sentensi. Toni inaionesha kwa herufi ndogo iliyoinuliwa mwishoni mwa silabi: M ya kati, L ya chini, F ya kushuka, H ya juu, R ya kupanda.

Longdo. Hii Wathai wenyewe wanaitumia. Inakusanya kamusi kadhaa pamoja, nzuri kwa kuhakiki maana.

Forvo. Si kamusi ya maana, ni ghala la sauti: watu wa kawaida wanasema neno, wewe unasikiliza. Neno moja likiwa na sauti ya mwanamke na ya mwanaume, sikiliza zote mbili.

Anza na Wiktionary na thai-language.com. Nyingine ziwe za kuulizia pale mbili hizi zinapokwama. Ipo pia kamusi kubwa ya Baraza la Kifalme la Thailand, toleo la mwaka 2554 kwa hesabu yao, yaani 2011 kwetu (wao wako mbele miaka 543). Hiyo ni Kithai kwa Kithai. Iache mpaka utakapokomaa.

Hatua ya 3: Soma ufunguo wa matamshi kabla ya neno lolote

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo wanapopotea. Hakuna namna moja ya kuandika Kithai kwa herufi za Kilatini. Tazama maneno haya mawili:

ไก่, kuku
ไข่, yai

Yote ni ya toni ya chini. Kwa mfumo rasmi wa serikali ya Thailand, ule wa vibao vya barabarani, kuku ni "kai" na yai ni "khai". Kwa mfumo mwingine unaoitwa Paiboon, kuku ni "gài" na yai ni "kài". Umeona? "Kai" ya kibao ni kuku, "kai" ya Paiboon ni yai. Kwenye jedwali la Wiktionary mifumo hii miwili imekaa pamoja, na mtu asiyejua huchukua mstari wowote uliomvutia. Chagua mmoja na ubaki nao. Nashauri Paiboon, kwa sababu mfumo rasmi hauandiki toni wala urefu wa vokali. Ndani yake ข้าว (wali), ขาว (nyeupe), ข่าว (habari) na เขา (yeye) yote yanakuwa "khao". (Matamshi ya mwongozo huu yana herufi za mfumo rasmi, kama k na kh, ila nimeyaongezea toni na urefu; usiyachanganye na ya Paiboon.)

Onyo kwa msomaji wa Kiswahili. Herufi hizi zinatudanganya sisi kwa namna yetu:

- th si ile ya "thamani". Ni t yenye pumzi nyingi nyuma yake. กรุงเทพ, jina la Bangkok, linaandikwa Krung Thep. Ukilisema kwa th ya "thelathini" umekosea.
- kh si ile ya "kheri". Ni k yenye pumzi.
- ph si f. Phuket si "Fuket".
- ng popote pale ni ng' ya "ng'ombe", kamwe si ng ya "ngoma". งาน, ngaan, kazi, linaanza kama ng'ombe. Hapa tuna bahati: wageni wengi sauti hii mwanzoni mwa neno huwashinda, sisi tumezaliwa nayo.

Hiyo pumzi ndiyo inayotenganisha kuku na yai, kwa hiyo tuifanyie kazi. Shika ile karatasi nyepesi mbele ya midomo. Sema ไก่: karatasi isitikisike. Sema ไข่: itikisike wazi. Rudia mpaka karatasi ikutii. Fanya vivyo hivyo kwa ป (haina pumzi) na พ (ina pumzi), na kwa ต na ท.

Kama wewe ni mtu wa Mombasa au Lamu, tayari unayo. Mnatofautisha kaa la moto na kaa wa baharini, tembo la mnazi na tembo wa porini, na tofauti yenyewe ni pumzi hiyo. Mimi nimekulia bara, sikuwa nayo. Rafiki yangu wa Mombasa ndiye aliyenikalisha chini akanisemea "kaa, kaa" mpaka nikaisikia. Baada ya hapo ข na ก hazikunisumbua tena.

Hatua ya 4: Tafuta neno, kisha ligeuze

Usichukue tafsiri ya kwanza. Ukitoka Kiswahili ukapita Kiingereza kuingia Kithai, unapoteza vitu ambavyo lugha zote mbili za pembeni zinavyo. Mfano ni chakula chetu wenyewe. Kiingereza kina neno moja kwa mpunga, mchele na wali. Kithai kinatenganisha kama sisi:

ข้าวเปลือก, khâao plùeak, mpunga
ข้าวสาร, khâao sǎan, mchele
ข้าวสวย, khâao sǔai, wali

Na ข้าว peke yake inabeba yote, hata "kula chakula" ni กินข้าว, kin khâao.

Ndugu nao vivyo hivyo. Kamusi itakuambia ป้า (pâa) ni "aunt" kwa Kiingereza, neno linalomeza shangazi, mama mkubwa na mama mdogo. Ukweli ni kwamba ป้า ni dada mkubwa wa baba au wa mama. Mdogo wa mama, awe wa kike au wa kiume, ni น้า (náa). Mdogo wa baba ni อา (aa). Na kama kwetu, maneno haya hutumika kwa watu baki. Mwenye duka aliyekuzidi umri kidogo unamwita พี่ (phîi), sawasawa na unavyosema "dada" au "kaka". Ukitegemea tafsiri ya kwanza, unaweza kumwita binti wa miaka 25 ป้า, na bei haitashuka.

Kwa hiyo: ukipata neno la Kithai, linakili, lirudishe kwenye kisanduku cha kutafutia, uone kamusi inakupa maana zipi. Soma sentensi angalau mbili. Angalia pia kama kuna lebo ya adabu, maana yapo maneno ya kitabuni, ya kifalme na ya matusi, na yote yanaweza kutafsiriwa kwa neno lilelile.

Hatua ya 5: Sikiliza kabla ya kusoma

Fumba macho. Bonyeza sauti mara tatu. Usiseme kitu. Mara ya nne fuata kwa kuguna tu, mdomo umefungwa, "mm", ukifuatisha mwendo wa sauti: inapanda, inashuka, imetulia? Ukishaipata guno, ndipo uweke konsonanti na vokali. Watu wengi hufanya kinyume, wanasema silabi kwanza halafu wanatafuta toni ya kuibandika juu yake, ndiyo maana hawaipati.

Kisha jirekodi, na sikiliza rekodi yako mara baada ya ya kamusi. Inaumiza kidogo siku za mwanzo, lakini sikio linakusahihisha bila mwalimu.

Anza na kundi hili:

ขาว, khǎao, nyeupe
ข้าว, khâao, wali
ข่าว, khàao, habari

Halafu weka pembeni เขา, khǎo, yeye. Toni yake ni ileile ya "nyeupe". Kinachotofautiana ni urefu. Kiswahili kinatusaidia hapa pia, tumezoea kwamba "koo" si "ko".

Kama lugha ya nyumbani kwenu ni Kikikuyu, Kinyarwanda, Kiluba au nyingine yenye toni, itumie. Toni zake hazifanyi kazi sawa na za Kithai, lakini sikio lako linajua tayari kwamba kupanda na kushuka kunaweza kubadili maana.

Jaribio zuri: washa kuandika kwa sauti kwenye kibodi ya Kithai, sema neno moja, uone simu imeandika nini. Liwe neno moja, si sentensi, kwa sababu kwenye sentensi mashine hukisia na kukusamehe makosa.

Hatua ya 6: Kaba mwisho wa neno

Ulimi wetu unapenda kumalizia kwa vokali. Ndivyo "kitab" ya Mwarabu ilivyokuwa kitabu. Kwenye Kithai tabia hii inaharibu neno. ครับ, khráp, la adabu kwa mwanaume, linaishia midomo imefungwa, kimya. Si "khrapu". P, t na k za mwisho unazifunga bila kuzifungua.

Na usiamini herufi ya mwisho kwa macho. ร ikiwa mwisho husomeka n: ndiyo maana สาร hapo juu ni sǎan. ส na ษ zikiwa mwisho husomeka t. Fuata mstari wa matamshi wa kamusi.

Hatua ya 7: Chukua neno pamoja na kihesabio chake

Sisi wenye ngeli hatupaswi kuogopa hili. Kithai hakisemi "mashati mawili", kinasema "shati, mbili, ตัว": เสื้อสองตัว, sûea sǒong tua. ตัว (tua) maana yake ya msingi ni mwili, na ndicho kihesabio cha wanyama, mashati, suruali, hata meza na viti. Viatu ni คู่ (khûu), jozi. Mabegi ni ใบ (bai). Magari ni คัน (khan). Wiktionary inakiandika kando ya nomino. Kikiwepo, kiandike daftarini siku hiyohiyo.

Angalia pia neno limejengwa na nini. ตู้เย็น, tûu yen, ni kabati baridi, yaani friji. รถไฟ, rót fai, ni gari la moto, yaani treni. Sisi tulisema gari la moshi. Ukishajua vipande, maneno mapya yanakuja yenyewe.

Hatua ya 8: Andika mstari mmoja, rudia kesho

Mstari wa daftari langu sasa uko hivi: herufi za Kithai, matamshi yenye toni, maana kwa Kiswahili (si Kiingereza), kihesabio, sentensi moja fupi. Kesho yake funika matamshi, tazama Kithai, sema. Ukikwama rudi kwenye sauti, si kwenye herufi za Kilatini.

Ukikwama

Kamusi inasema neno halipo, na unaliona kwa macho. Mara nyingi umebonyeza เ mara mbili badala ya แ. Kwenye skrini zinafanana, kwa kompyuta ni vitu viwili tofauti. Futa uandike แ. Kosa la pili ni nafasi iliyonakiliwa pamoja na neno.

Umebandika sentensi, hupati kitu. Kamusi inatafuta neno, na maneno yameshikana. thai-language.com ina sehemu ya kubandika maandishi marefu ambayo huyakata neno kwa neno. Ikikata vibaya, maana haitaleta mantiki. Jaribu kukata mahali pengine.

Hakuna sauti. Nenda Forvo. Huko nako ikikosekana, sauti ya mashine ya Google Translate inafaa kwa muda, ila iwekee alama ya kuuliza daftarini.

Kamusi mbili zinatofautiana. Linganisha herufi za Kithai. Zikiwa sawa, tofauti ni ya mfumo wa kuandika tu, rudi hatua ya 3.

Kamusi inasema toni ya kupanda, mtaani unasikia ya juu. Hujakosea. เขา (yeye), ฉัน (mimi) na ไหม ya kuulizia huandikwa kwa toni ya kupanda, na kwenye mazungumzo ya haraka husikika kwa toni ya juu.

Unasikia l mahali pa r. อะไร (arai, nini) utaisikia "alai", na khráp utaisikia "kháp". Ndivyo wengi wanavyozungumza. Wewe jifunze kwa r, ili ukilitafuta neno ulipate.

Mwanamke anasikia ค่ะ na คะ, hajui aseme ipi. ค่ะ (khâ, inashuka) ni ya kujibu na kueleza; คะ (khá, juu) ni ya kuuliza.

Umesema kwa uangalifu, bado hawakuelewi. Usipandishe sauti, kwa sababu ukipaza ni rahisi kubadilisha toni. Onesha neno kwenye simu, kwa herufi za Kithai, na umwache alisome kwa mdomo wake. Kisha mwambie พูดอีกที, phûut ìik thii, sema tena, na mwanaume aongeze khráp, mwanamke khâ. Fuata kwa guno kwanza, halafu kwa neno. Wauzaji wa Pratunam nimewaona wakisimamisha kazi yao kabisa kumfundisha mgeni neno moja mpaka alipate.